Sekunde Moja Kwenye Mkono wa Maude

Katika filamu ya Harold and Maude kuna shoti ambayo mtazamaji akipiga chafya tu, imeshampita. Kijana na bibi kizee wameketi kando ya maji, jua linazama, shakwe wanazunguka angani. Bibi anasimulia habari za Alfred Dreyfus, yule ofisa wa jeshi la Ufaransa aliyesingiziwa uhaini akafungwa katika Kisiwa cha Shetani. Dreyfus, anasema bibi, aliandika kwamba kule kifungoni aliwaona ndege wazuri kupita kiasi. Miaka mingi baadaye akatambua kumbe walikuwa shakwe tu. Kwake yeye Maude, watabaki kuwa ndege wa fahari. Kijana anaushika mkono wake, anauangalia, na hapo kwenye ngozi panaonekana namba iliyochanjwa kwa wino. Shoti inakatwa. Hakuna anayeitaja namba ile, si wakati ule wala baadaye.

Namba za namna hiyo walichanjwa wafungwa wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Mpaka hapo tumecheka sana na Maude. Tumemwona akiiba magari ya watu nje ya kanisa, akiuchukua mti unaodhoofika mjini na kwenda kuupanda msituni, akimzungusha askari wa pikipiki mpaka askari akaishiwa la kufanya. Tulimdhania bibi mchangamfu aliyekosa wa kumkanya. Sasa tunajua kwamba mwanamke huyu alishayaona ya kuonwa, na utundu wake wote inabidi tuupime upya. Filamu haitusubiri tupime. Inaendelea na safari yake.

Sekunde moja ya filamu ya milimita 35 ni fremu 24, na ukizinyoosha mezani zinafika kama sentimita 45 za ukanda: dhiraa moja, kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. Aliyeushika ukanda ule kwenye chumba cha uhariri alikuwa na hiari ya kuurefusha. Angeweza kumwaga muziki wa huzuni juu yake. Angeweza kuganda kwenye uso wa Harold mpaka machozi yatoke, ili hata aliyekaa kiti cha nyuma kabisa, mwenye usingizi, aelewe kwamba hapa pana msiba. Akajizuia. Akatoa dhiraa moja, akakata.

Kuchekesha na kuhuzunisha ndani ya filamu moja ni kazi inayowashinda wengi, na wanaoshindwa hushindwa kwa njia mbili. Wapo wanaogawa mafungu: vichekesho saa nzima, kisha mtu anaugua, watu wote wanakuwa wema, kinanda kinalia. Wapo wanaokoroga vyote pamoja mpaka kicheko hakichekeshi na kilio hakilizi. Wote wawili wanadhani mizani ni kukaa katikati. Aliyewahi kupanda ngalawa siku ya upepo anajua kwamba baharia anayeilinda isipinduke hakai katikati. Anatoka nje kabisa, juu ya mti wa mrengu, upande upepo unakotokea, na upepo ukigeuka naye anahama. Harold and Maude inayumba kama ngalawa hiyo. Kuna mahali inachota maji, nitapataja. Lakini inapopata upepo wake, sijui filamu nyingine ya kuchekesha inayokwenda mbali namna ile bila kuzama.

Kisa chenyewe ukikieleza kwa mtu asiyeijua atakuomba ubadilishe mazungumzo. Harold Chasen ni kijana wa familia tajiri huko California, anaishi na mama yake katika jumba kubwa lenye ubaridi, na burudani zake ni mbili: kuhudhuria mazishi ya watu asiowajua, na kuigiza kifo chake mwenyewe mbele ya mama. Huko mazishini anakutana na Maude, ambaye naye huhudhuria mazishi asiyoalikwa, wiki moja kabla bibi huyo hajatimiza miaka 80. Wanakuwa marafiki, kisha wapenzi. Bud Cort, aliyeigiza Harold, alikuwa na miaka 22 walipokuwa wakipiga picha mwanzoni mwa 1971. Ruth Gordon, Maude, alikuwa na 74, na nyuma yake kulikuwa na maisha marefu ya jukwaani, miswada ya filamu aliyoiandika, na tuzo ya Oscar aliyoipata kwa Rosemary's Baby.

Muswada uliandikwa na mwanafunzi, Colin Higgins, kama kazi yake ya kuhitimu shahada ya uzamili pale UCLA. Ili apate riziki alikuwa akisafisha bwawa la kuogelea la mtayarishaji wa filamu, Edward Lewis. Mke wa Lewis, Mildred, ndiye aliyeusoma muswada akaupenda, na kupitia nyumba hiyo ukafika studio ya Paramount. Basi ukimwona mama yake Harold akiogelea kwa mikupuo ya taratibu huku mwanawe akielea kifudifudi kama maiti kwenye maji yale yale, ujue mwandishi alikuwa anayajua mabwawa ya matajiri mpaka uchafu wa chini.

Higgins alitaka kuiongoza mwenyewe. Studio haikuridhika na majaribio yake, ikampa kazi Hal Ashby, na hapo ndipo bahati ya filamu hii ilipoanzia. Ashby alikuwa mhariri. Alikaa miaka mingi kwenye vyumba vya giza akikata na kuunga kanda za wenzake, na uhariri wake wa In the Heat of the Night, filamu ya 1967 ya Norman Jewison, ulimpa Oscar. Filamu aliyoiongoza yeye ilikuwa moja tu mpaka wakati huo, The Landlord ya 1970. Mwongozaji aliyetoka kwenye uhariri ana tabia yake: haamini sana maneno ya waigizaji, anaamini kinachotokea shoti moja inapogusana na nyingine. Kwenye Harold and Maude wahariri walikuwa William A. Sawyer na Edward Warschilka, lakini macho ya Ashby unayaona katika kila mkato. Jambo jingine linajulikana kuhusu maisha yake: baba yake alijiua Ashby akiwa bado mtoto. Sisemi kwamba hilo linaeleza filamu. Nasema tu kwamba mtu aliyepewa vichekesho vya kijana anayejifanya kujiua hakuwa mgeni wa jambo hilo.

Tuangalie mwanzo. Filamu inaanza kwa miguu. Inashuka ngazi, inatembea ndani ya sebule ya kifahari, na kamera inaifuata bila haraka yoyote. Santuri inawekwa, Cat Stevens anaanza kuimba kwa upole. Mishumaa inawashwa. Kijana anaandika kikaratasi, anakibandika kwenye koti lake, anapanda juu ya kigoda. Kisha miguu ile ile tuliyoizoea inaning'inia. Ashby hajatuchekesha hata mara moja. Ametupa muda wa kutosha tuamini, na tumeamini. Ukumbi wa watazamaji wapya hunyamaza kabisa hapo.

Ndipo mama anapoingia. Anamwona mwanawe anavyoning'inia. Anakaa kitini, anapiga simu. Anazungumza na mtu wa upande wa pili kwa sauti ya mwanamke mwenye shughuli nyingi, na akimgeukia Harold ni kwa kumwambia kwamba bila shaka anajiona mchekeshaji mkubwa. Anatoka, akikumbusha saa ya chakula cha usiku. Kicheko kinachotoka hapo ni kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu, na ndani yake kuna aibu: nimecheka nini?

Aliyeigiza mama ni Vivian Pickles, Mwingereza, na kwangu mimi yeye ndiye nguzo ya filamu, ingawa mabango humtaja kwa herufi ndogo. Mwigizaji wa kawaida wa vichekesho angekodoa macho, angepiga yowe, angeanguka juu ya sofa. Bi. Chasen wa Pickles hajui kabisa kwamba yumo kwenye filamu ya kuchekesha. Yeye yuko kwenye maisha yake, yenye wageni, nywele, ratiba na mtoto asiyesikia. Kuna tukio ambalo anamjazia Harold fomu ya kampuni ya kutafutia watu wachumba. Anasoma swali kwa sauti, anajibu yeye mwenyewe kwa niaba ya mwanawe, na kadiri fomu inavyoendelea majibu yanakuwa yake yeye kabisa, mtoto amesahaulika. Harold ameketi pale pale, anapakia risasi kwenye bastola. Mlio unasikika, anapinduka na kiti. Mama anachukizwa kwa kukatizwa, anarudi kwenye fomu. Tukio zima linabebwa na sauti ya Pickles, ambayo haipandi wala haishuki. Angetia chumvi kidogo tu, tungekuwa kwenye katuni.

Wachumba wanakuja watatu, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza anazungumza na mama sebuleni, na nyuma yao kupitia dirishani tunamwona Harold bustanini akijiwasha moto. Msichana anapiga kelele. Harold huyo anaingia kwa mlango mwingine, mzima, nadhifu. Msichana akishakimbia, Harold anageuza shingo pole pole na kututazama sisi, machoni kabisa, na tabasamu dogo la ushindi. Waongozaji wengi hutumia mtazamo wa namna hiyo kama ubishoo. Hapa una kazi. Kabla yake tulikuwa watu wa pembeni tunaochungulia nyumba ya wenyewe. Kwa tabasamu lile Harold anatuvuta tuwe upande wake, na mtu akishakuwa upande wa mchokozi, yakimpata mchokozi huyo yanampata naye.

Yanampata Harold nyumbani kwa Maude, ndani ya behewa kuukuu la treni ambalo bibi huyo amelijaza vitu vyake. Anamweleza kwa nini anafanya anayoyafanya. Alikuwa shule ya bweni, akafanya majaribio katika maabara ya kemia, kukatokea mlipuko na moto. Yeye aliponyoka akarudi nyumbani kimya kimya. Polisi wakaja kumpa mama taarifa kwamba mwanawe amekufa. Harold aliona yote kutoka juu ya ngazi. Anaeleza jinsi mama alivyoweka mkono mmoja kwenye paji la uso, akanyoosha wa pili kama anayetafuta mahali pa kushika, akatoa pumzi ndefu na kuanguka mikononi mwa askari.

Bud Cort anaianza hadithi ile akicheka. Ni hadithi ya kuchekesha kweli, maana mama anazimia kama waigizaji wa jukwaa la zamani. Kamera imetulia usoni pake. Anapofika pale mama anapoanguka, mdomo unaendelea kucheka lakini macho yameshaacha. Kisha mdomo nao unashindwa, uso unakunjika, analia kama mtoto, na anamalizia kwa kusema kwamba siku ile ndipo alipoamua kuwa anafurahia kuwa maiti. Mahali kicheko kilipoishia na kilio kilipoanzia huwezi kupaonyesha kwa kidole. Nimejaribu kusimamisha picha nipatafute. Kila fremu unayoisimamisha inaweza kuwa ya upande wowote.

Na baada ya hapo filamu nzima inageuka nyuma. Kumbe mzaha wa kwenye kigoda, wa bwawani, wa bastola, wote ulikuwa ombi moja. Mara moja tu katika maisha yake kijana huyu aliona mama yake akimlilia, na tangu siku hiyo anajaribu kumfanya alie tena. Mama hazimii tena. Anapiga simu. Kile tulichokicheka mwanzoni ndicho kilichokuwa kinamuua mtoto, na Ashby hakuongeza hata shoti moja mpya kutuambia hivyo. Alisubiri tu.

Watanzania hatuhitaji kufundishwa hili kutoka California. Msibani, watani wa marehemu wanaingia wakiwa wamevaa nguo zake, wanatembea anavyotembea, wanakohoa anavyokohoa, wanalizuia kaburi mpaka walipwe. Mnyamwezi anaweza kumfanyia hivyo Mzaramo, Mngoni akamfanyia Mhehe, na wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika. Mjane anacheka kwa kuwa mumewe alikuwa anakohoa hivyo hivyo, na analia kwa sababu hiyo hiyo. Mtani hodari anajua aige kitu gani na aache wakati gani. Akizidisha anakuwa mlevi aliyevamia msiba, na wazee watamtoa nje.

Ashby naye kuna mahali amezidisha. Mjomba Victor, jenerali aliyepoteza mkono wa kulia na kushonewa mkono wa koti wenye kamba ya siri ili uweze kupiga saluti wenyewe, anachekesha mara ya kwanza. Mara ya tatu ni kikaragosi. Daktari wa akili na kasisi ni hivyo hivyo: picha ya Freud ukutani kwa mmoja, ya Papa kwa mwingine, ya Rais Nixon kwa mjomba, na kila mmoja anamkemea Harold kuhusu nia yake ya kumwoa Maude akiitazama kamera. Tumeshaelewa tangu picha ya kwanza. Hawa watu hawana kilio chochote ndani yao, wamewekwa wachekwe tu, na kila wakiingia filamu inapungua uzito. Yule askari wa pikipiki yumo kwenye kundi hilo. Mama angeweza kuwa mmoja wao. Kilichomwokoa ni kisa cha maabara, na Pickles.

Tukumbuke tu kwamba ilikuwa 1971, vita vya Vietnam vinaendelea, na vijana wa rika la Harold walikuwa wakirudishwa kwenye majeneza. Ashby alipokuwa na hasira alikosea kwa mjomba Victor, akapatia kwenye mkato mmoja ambao sijauona ukipitwa. Harold na Maude wameketi kati ya maua meupe ya porini. Harold anasema angependa kuwa moja ya maua hayo, maana yote yanafanana. Maude anamwonyesha kwamba hayafanani hata kidogo: hili limepungua petali, lile limeinama upande. Huzuni nyingi za dunia, anasema, zinatokana na watu ambao ni kama ua hili moja lakini wanakubali kutendewa kama lile fungu. Mkato. Sasa wameketi kwenye makaburi ya wanajeshi, na kamera inarudi nyuma, inarudi, inarudi, mpaka mawe meupe ya makaburi yanajaa kioo chote, yamepangwa safu kwa safu, na wao wawili hawaonekani tena. Mawe yale kwa mbali ni maua yale. Mtu mwingine angemwandikia Maude hotuba ya kulaani vita. Ashby alihitaji kuunga vipande viwili vya ukanda, na kuwa na subira ya kuiacha kamera irudi nyuma mpaka mwisho.

Nyimbo nazo zina habari yake. Cat Stevens, kijana wa London ambaye wengi wetu tunamjua kwa jina la Yusuf Islam alilolichukua baada ya kusilimu mwaka 1977, aliandika mbili mpya kwa ajili ya filamu hii. Nyingine zilitoka kwenye albamu zake za miaka ile. Ni sauti ya mtu anayezungumza na rafiki, hakuna vionjo vya kuchekesha wala vinubi vya kuliza. Kwa hiyo wimbo ule ule unaweza kukaa juu ya tukio la kipuuzi na la kifo bila kutusukuma upande wowote. Watunzi wa muziki wa filamu zetu za Bongo, ambao mchekeshaji akijikwaa wanatia mlio wa filimbi na mgonjwa akikohoa wanatia kinanda, wangefaidika sana na hili.

Mwisho wa filamu ndipo mhariri anapoonyesha alichonacho. Usiku wa kutimiza miaka 80, Harold amepamba nyumba kwa ajili ya Maude na anataka kumposa. Maude anamwambia kwa furaha ile ile ya kila siku kwamba ameshameza vidonge. Alipanga zamani kwamba 80 ni umri wa kutosha. Mambo yanakwenda mbio. Ndani ya gari la wagonjwa Harold analia kwamba anampenda, na Maude anamjibu kwamba ni vizuri sana, aende akapende zaidi. Hospitalini mapokezi yanataka fomu zijazwe, na Maude anajibu maswali kwa madaha yake, kwa hiyo hata pale kuna mzaha mdogo.

Kuanzia hapo sauti za watu zinaondolewa. Unabaki wimbo mmoja wa Cat Stevens na vipande vya nyakati mbili vilivyosukwa pamoja: Harold akisubiri kwenye benchi la hospitali usiku, na Harold akiendesha gari kwa kasi kwenye mvua, uso umelowa machozi. Gari lenyewe ni mzaha wa tangu kati ya filamu. Mama alimnunulia Jaguar ya michezo aachane na kuendesha gari la kubebea maiti, naye akaikata kwa moto wa kuchomelea akaigeuza kuwa gari la maiti dogo, la kifahari. Tulicheka wakati ule. Sasa ndilo linalomkimbiza. Daktari anatoka, anasema naye. Hatusikii neno hata moja, tunaona tu mabega ya Harold. Barabara, benchi, barabara, ukumbi. Hatuambiwi kipi kilitangulia, kwa sababu kwa mtu aliyefiwa vyote vinatokea kwa pamoja. Kisha gari linaruka kutoka ukingo wa jabali na kupondeka chini ufukweni.

Kwa muda mfupi tunaamini kwamba safari hii amefanya kweli. Kamera inapanda taratibu juu ya jabali. Harold amesimama pale, mzima, ameshika banjo aliyopewa na Maude, anaanza kuipiga na kuondoka kwa hatua za kucheza. Ni mzaha ule ule wa mwanzo wa filamu, kifo cha uongo na mtu mzima nyuma yake, ila mara hii hakuna mama wa kutazama. Amejifanyia mwenyewe, na hatakuwa na haja ya kuurudia. Sijawahi kuona kichekesho kilichosubiri dakika 90 ili kimalizike.

Filamu ilipotoka Desemba 1971 haikupendwa. Vincent Canby wa New York Times aliiponda, Roger Ebert wa Chicago aliipa nyota moja na nusu, na watazamaji waliokuwa wakitafuta kitu cha sikukuu walipita mlango wa pili. Wahakiki hawakuwa wajinga. Walichokiona ni kuyumba, na kuyumba kupo. Ila vijana wa vyuo walianza kuirudia. Katika mji wa Edina, jimbo la Minnesota, jumba moja la sinema liliionyesha zaidi ya miaka miwili mfululizo, mpaka majirani wakaandamana na mabango wakidai filamu nyingine. Huko Paris, Higgins aliigeuza kuwa mchezo wa jukwaani, na Madeleine Renaud, gwiji wa jukwaa la Ufaransa, akamwigiza Maude. Mwaka 1997 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza kwenye orodha ya filamu za taifa za kuhifadhiwa. Ashby na Higgins wote wawili walifariki mwaka 1988, Higgins Agosti, Ashby Desemba.

Wewe unayehariri filamu leo, kwa kompyuta ya kuazima au kwenye studio ya ghorofani Kariakoo, una kitu ambacho Ashby hakuwa nacho: unaweza kukata na kurudisha mara mia bila kuharibu ukanda. Basi chukua tukio lako la huzuni uliloliwekea muziki, uzime sauti yote, ulitazame bubu. Kama halieleweki, usiongeze kinanda. Rudi ukapige picha upya.